Karatasi ya Mlangoni

Likasi, tarehe 4 mwezi wa tano 2025

Mwanangu Ruphin,

Barua hii nimempa Éphraïm, dereva wa basi la asubuhi. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asimwachie mtu yeyote pale kituoni kwenu. Usicheke. Najua nina simu, uliinunua mwenyewe, lakini siku hizi simu hiyo ni ya wageni. Inalia nikiwa kanisani, inalia nikiwa na mwiko mkononi nakoroga bukari. Mambo mengine siwezi kuyasema huku nimebana simu begani.

Yule mgeni wetu mhandisi, wa kutoka Kolwezi, ameondoka jana. Mtu mpole, ila viatu vyake vina matope ya nchi nzima. Sikumrudishia pesa yake, uwe na amani. Bado unanicheka kwa wale maharusi wa mwaka jana, waliokuja kuona maporomoko ya maji, nikawachinjia kuku, nikawafungia unga wa njiani, kisha nikawakimbilia hadi kituo cha basi na bahasha waliyoiacha mezani. Sasa mtu ale kwangu halafu alipe? Ulikasirika siku tatu. Halafu ukapata dawa yako: wageni wasijue kwamba mimi ndiye mama wa nyumba. Basi wakiuliza nasema ulivyonifundisha: «Mwenye nyumba haiko, iko Lubumbashi. Minye natumikaka tu hapa.» Na kweli imekuwa rahisi. Mtumishi akipewa kitu anapokea.

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Papa Barthélemy, mkuu wa mtaa, yule aliyekuwa akiimba besi na marehemu baba yako, amepita na amri ya mji. Nyumba zote zinazolaza watu kwa siku lazima ziandikwe. Wanasema imeanza baada ya watu wenye magunia ya mawe ya wizi kutoka mgodi wa Shinkolobwe kukutwa Kikula, wamelala nyumba ya mtu, na hakuna aliyewajua. Sasa kila mgeni atajaza fomu, na fomu zifike ofisini kila asubuhi. Mlangoni itapigiliwa karatasi yenye jina la mwenye nyumba na majina ya wote wanaolala ndani ya kiwanja, na kila mmoja ni nani hapo. Kama mwenye nyumba anakaa humo humo, anaruhusiwa kukodisha vyumba viwili tu. Kwanza anayekaa nyumbani anaandikisha, kisha mwenye nyumba aje kutia sahihi kabla ya tarehe 30. Asipokuja, nyumba inafungwa kwa wageni.

Hati bado ina jina la baba yako, kwa hiyo wanatuuliza sisi wawili nani aandikwe. Njoo tuzungumze. Ni saa mbili na nusu za barabara, na tangu Noeli sijakuona.

Nalala vizuri. Upepo ni mwingi huku.

Mama yako,
Eugénie

*

Lubumbashi, tarehe 8 mwezi wa tano 2025

Mama mpenzi,

Éphraïm amenipa barua yako mbele ya wenzangu wote wa kazini, na amegoma kuondoka mpaka niifungue. Nadhani ulimtisha.

Mama, mwezi huu siwezi kutoka. Ofisini tuna malori yaliyokwama mpakani na mimi ndiye ninayefuatilia karatasi zake. Lakini amri hiyo nimeisoma, rafiki yangu alinitumia. Tuifikirie kwa utulivu.

Vyumba vyote vinne vya wageni vimeshakodishwa kwa mwezi mzima wa nane. Ni kundi la mafundi wanaokuja kufanya kazi kwenye bwawa la umeme la Koni. Nimeshawakubalia. Bati la nyumba limechakaa, unajua mwenyewe masika inavyotunyeshea, na kwa mwezi huo mmoja tunalibadilisha lote. Tukiandika kwamba mwenye nyumba anakaa humo, tunabaki na vyumba viwili na wale mafundi wanakwenda kwingine.

Kwa hiyo nakuomba jambo dogo. Niandikishe mimi kama mwenye nyumba, mkaaji wa Lubumbashi. Na wewe, pale panapouliza ni nani, uandikwe mtumishi. Si ndivyo unavyowaambia wageni kila siku? Ni karatasi tu, Mama. Chumba chako unacho, funguo unazo, na wewe ni nani mimi najua. Kabla ya tarehe 30 nitakuja kutia sahihi.

Mkweo Tania anakusalimu. Anasema picha za nyumba ni nzuri, maandishi ya «Villa Ruphin» ukutani yametoka vizuri.

Mtoto wako,
Ruphin

*

Likasi, tarehe 14 mwezi wa tano 2025

Ruphin,

Nimefanya.

Papa Barthélemy aliniuliza mara tatu. «Mama Ruphin, weye njo mwenye nyumba. Sasa niandike nini hapa?» Nikamwambia, «Andika mutumishi.» Akaweka kalamu chini, akafuta miwani, akaishika tena. Nilitia sahihi mahali aliponionyesha.

Karatasi ni ya rangi ya waridi. Imepigiliwa mlangoni kwa misumari miwili, urefu wa macho.

Leo nimepika sombe. Nyumba imejaa wageni.

Mama yako

*

Ofisi ya Mtaa, Likasi, tarehe 20 mwezi wa tano 2025

Kwa Bwana Ruphin, Lubumbashi.
Juu ya: nyumba ya kulaza wageni, «Villa Ruphin».

Bwana,

Ninakujulisha kwamba nyumba iliyotajwa hapo juu imeandikwa kwa muda. Mwenye nyumba anatakiwa kufika yeye mwenyewe ofisini kwangu, na kitambulisho, kabla ya kufungwa kwa kazi tarehe 30 mwezi huu. Sahihi ya kutumwa haikubaliwi.

Ninakujulisha vilevile kwamba tarehe 19 nimefanya ukaguzi kama amri inavyotaka. Vyumba vya nyumba kubwa, vinne vya kukodisha na kile cha tano, viko safi na vyote vina wageni. Mtumishi aliyeandikwa analala katika boyeri, kile kijumba cha nyuma ambamo Wazungu walikuwa wakiwaweka boyi wao. Nimekuta humo kitanda cha chuma, ndoo, Biblia, na picha ya marehemu baba yako, Ambroise, katika fremu, imesimamishwa juu ya gunia la mahindi kwa kuwa hakuna meza.

Hapo juu nimeandika kama mkuu wa mtaa. Sasa naandika kama mtu aliyekubeba ukiwa na wiki mbili.

Mwanangu, mtaani hakuna anayemwita mama yako Eugénie. Kwetu yeye ni Mama Ruphin tangu ulipozaliwa. Alhamisi iliyopita wamama wa parokia walikwenda kwake kusali, wakasimama mlangoni wakasoma: Eugénie, mtumishi. Mmoja wao akamwuliza, «Mama Ruphin, ule mutumishi wako wa mupya iko wapi? Tumusalimie.» Mimi nilikuwa hapo, nimekuja kuchukua fomu. Mama yako akajibu, «Amekwenda ku soko.» Wakaingia, wakasali, na katika maombi wakamtaja pia huyo mtumishi, Mungu amlinde njiani. Mama yako akasema amina pamoja nao.

Niliondoka bila fomu. Mimi ndiye niliyeandika neno lile, kwa mkono wangu, na tangu siku hiyo napita barabara nyingine kwenda kazini.

Barthélemy
Mkuu wa mtaa

*

Lubumbashi, tarehe 22 mwezi wa tano 2025

Mama,

Papa Barthélemy ameniandikia. Kwa nini nimeyasikia kwake?

Nilikuambia baki na chumba chako. Niliandika wazi: chumba chako unacho. Nani alikutuma uende kulala boyeri? Mle ndani ulitukataza hata kuingia. Ulituambia kuna nyoka, na siku ile mimi na dada Gaëlle tulipojificha humo ulitupiga mpaka Baba akakushika mkono. Leo unahamia huko kimyakimya, wewe na picha ya Baba, ili watu waje waone mtoto wako anavyokutunza. Unajua sasa mtaa unanionaje? Ungeniambia neno moja tu kwenye simu. Unaniandikia «upepo ni mwingi».

Samahani. Nimeandika hayo nikiwa na hasira, na sitaki kuichana karatasi nianze upya, maana nikianza upya nitasema uongo.

Kuna jambo hulijui, na ni bora ulisikie kwangu. Ule ukurasa wa nyumba kwenye mtandao, unaosomwa na wageni kabla hawajaja, niliuandika mimi. Tangu mwaka jana umeandikwa hivi: «Mwenye nyumba hayupo. Yupo mtumishi mzee, mwaminifu, anapika vizuri.» Watu huogopa nyumba yenye mama ndani. Wanafikiri atawaamsha kwa maombi. Nilijiambia ni maneno ya biashara. Wageni wameandika juu yako pia, na nimesoma yote. Mmoja alisema unafua vizuri ila umekuwa mzito kidogo. Nilimjibu kwa jina la nyumba. Nikamwomba radhi kwa ajili yako, Mama, na nikamwahidi kwamba utaongeza bidii.

Nitakuja tarehe 28. Rudi chumbani kwako kabla sijafika, nakuomba.

Ruphin

*

Likasi, tarehe 25 mwezi wa tano 2025

Mwanangu,

Sikuhama ili watu waone. Mtu anayetaka kuonwa halali nyuma ya nyumba.

Ilikuwa mwezi wa pili. Vyumba vingine vilikuwa vimejaa, akaja mwanamke mwenye mtoto mchanga, mvua imemlowesha. Ungefanya nini? Nikampa chumba changu kwa siku mbili. Alipoondoka, simu ikalia, wewe ukaniambia kuna wawili wengine wamelipa, na kile chumba kilikuwa kimeshatandikwa. Nikasema wapite kwanza hawa. Wamepita hawa, wamekuja wengine. Kukuambia niliona haya.

Lakini haya yangu kubwa si hiyo. Ngoja nikuambie, maana umeandika habari ya nyoka.

Hakukuwa na nyoka. Mimi nimezaliwa katika boyeri ile, mwaka 1959. Nyumba ilikuwa ya Mzungu wa mgodini, na baba yangu alikuwa mpishi wake. Miaka ishirini na mbili alipika katika jiko lile lile ninalopikia wageni wako. Mama yangu alifua nguo zao. Niliwaambia nyinyi kwamba alikuwa fundi cherehani. Hakuwahi kugusa cherehani. Tulilala sita katika kile chumba kimoja, na mlango wa mbele baba yangu alikuwa akiupaka rangi tu, kuupita hakuruhusiwa. Jina lake lilikuwa Ruphin. Hilo unalijua, ndilo lako. Mengine sikukuambia.

Yule Mzungu alipoondoka, nikiwa tayari msichana, tukahamia Kikula, nikasoma, nikaolewa na baba yako aliyekuwa fundi kule Koni. Alipopata nafasi ya kununua nyumba, zilikuwepo tatu. Akachagua hii, ndogo kuliko zile nyingine, kwa sababu yangu. Siku ya kuingia nilivua viatu kwenye ngazi bila kufikiri. Akaniambia, «Vaa. Hii ni nyumba yako.» Tukaingia kwa mlango wa mbele, mimi na viatu vyangu. Boyeri nikaijaza mahindi, nikawatungia nyoka ili miguu ya watoto wangu isikanyage mle.

Sasa unajua kwa nini niliwapiga. Na nikuambie neno la mwisho, ndilo linaloniuma zaidi. Siku ile ya mwezi wa pili, nilipojilaza mle, nilifikiri nitalia. Nikalala fofofo mpaka asubuhi. Mwili wangu ulipajua. Nimeona aibu kwa usingizi ule kuliko kwa karatasi ya Papa Barthélemy.

Sikukatazi kutia sahihi. Bati linavuja kweli. Nilitaka tu ujue ulichokuwa unaniomba niandikwe.

Chumba changu kina wageni wawili mpaka mwisho wa mwezi. Siwezi kuwatoa.

Mama yako,
Eugénie

*

Lubumbashi, tarehe 29 mwezi wa tano 2025

Mama,

Sijui nianzeje, basi nitaeleza kilichotokea, ingawa ulikuwepo.

Barua yako niliisoma mara tatu, ya mwisho ndani ya basi. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nitapita kwanza nyumbani, nitakukumbatia, nitaing'oa ile karatasi mbele ya wageni wote, nitawaambia huyu ni mama yangu. Niliyasema maneno hayo kimya kimya kuanzia kituo cha malipo ya barabara mpaka mjini.

Nikafungua geti. Wageni wanne walikuwa barazani wanakunywa. Wewe ulikuwa chini ya ngazi unasugua buti la mtu, umelivaa mkononi kama soksi. Uliniona. Najua uliniona kabla yao, uso wako ulifunguka. Kisha yule mwenye kofia akakuuliza, «Mama, uyu ni nani?»

Nilikuwa na nafasi, Mama. Sentensi nzima ilikuwa mdomoni mwangu. Nikawatazama wale watu, nikakumbuka nilivyowaandikia mtumishi mzee, mwaminifu. Nikawaza watanionaje. Wewe ukanisubiri. Ulisubiri muda ambao mtu angeweza kusema neno «Mama» mara kumi. Kisha ukaweka buti chini, ukajifuta mikono kwenye kitenge, ukawajibu, «Ni patron. Yeye njo mwenye nyumba.» Ukanijia, ukanyoosha mkono. «Karibu, patron. Leta begi.»

Nikakupa begi.

Nimejaribu kuandika kwamba ulininyang'anya mkononi. Haikuwa hivyo. Nilikupa. Nilifungua vidole. Ukatangulia nalo kwa mlango wa nyuma, nami nikapanda ngazi za mbele, nikawasalimu wageni kwa mikono, nikauliza kama wanakula vizuri. Wakasema wanakula vizuri sana. Karatasi ilikuwa hapo, karibu na uso wangu. Kabla hujarudi, nilisema nina haraka ya ofisi ya mtaa, nikatoka getini.

Ofisini sikwenda. Nilimwona Papa Barthélemy mbele ya ofisi, nikavuka barabara, nikapanda basi la saa nane. Tania aliniuliza begi liko wapi, nikasema limesahaulika garini.

Kesho ndiyo siku ya mwisho na mimi sitakuja. Sina macho ya kukutazama. Nyumba ifungwe kwa wageni, mafundi wa Koni nitawaandikia. Ule ukurasa nimeufuta. Nilifikiri kuufuta kutanipunguzia uzito, lakini hakukunipunguzia kitu.

Usinijibu haraka.

Ruphin

*

Likasi, tarehe 2 mwezi wa sita 2025

Mwanangu Ruphin,

Nimekujibu haraka. Nimekuzaa mimi, sipangiwi na wewe.

Nimekasirika. Nataka ujue hivyo, kwa sababu mtumishi hakasiriki, au akikasirika haandiki. Nilikaa na begi lako mapajani mle boyeri nikisubiri uje nyuma. Nilisikia geti. Nikafikiri umekwenda kuninunulia mkate, kama zamani ulipokuwa umenikosea. Nilikaa mpaka wageni wakaanza kuita chakula.

Mimi pia nina kosa langu siku ile. Ningeweza kusema «ni mwanangu», yakaisha. Mkono wangu ulinyooka wenyewe, na nilipoutazama nikauona mkono wa mama yangu. Nilikuwa sijamwona mama yangu miaka arobaini.

Tarehe 30 nilivaa kile kitenge cha harusi ya Gaëlle, na viatu, nikaenda ofisini. Nilichukua hati ya baba yako na cheti cha ndoa. Papa Barthélemy alitaka kuzunguka meza anishike, nikamwambia aketi aandike. Akauliza, «Mwenye nyumba?» Nikasema ni mimi. Anakaa wapi? Humo humo. Vyumba vya wageni? Viwili. Mtumishi? Hakuna. Hapo akapiga mstari mrefu, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, ikabidi tuanze nyingine.

Jina la nyumba akataka kulifuta. Akasema kwa kuwa mwenye nyumba ni mimi, tuandike Villa Eugénie. Nikamkatalia. Ruphin, baba yangu, aliupaka rangi mlango ule miaka ishirini na mbili bila kuupita. Jina lake likae ukutani.

Wale wamama wa parokia niliwaita Alhamisi ile iliyopita, kabla ya ofisi, nikawaambia ukweli: mtumishi mliyemwombea ni mimi. Nilifikiri nitazama ardhini. Halafu Mama Daniella, unamjua hachujagi maneno, akasema, «Basi tulikuombea weye, ni vizuri, maombi haikupotea.» Tukacheka, nikalia, wakala maandazi yote.

Wageni wawili waliobaki wananiita Mama sasa. Yule mwenye kofia aliondoka bila kuaga, ila buti zake alizisugua mwenyewe asubuhi ya mwisho. Bati litavuja mwaka mwingine, nimenunua mabeseni. Nimerudi chumbani kwangu. Usingizi wa huku unakuja polepole, naamka mara mbili tatu, lakini unakuja. Boyeri nimeirudishia mahindi.

Begi lako liko juu ya kiti, karibu na kitanda changu. Sijalifungua. Éphraïm amekuja leo kuchukua barua hii, akaliona, akasema amepita kwako na umemwomba alichukue. Nimempa barua. Begi nimemnyima. Nililibeba mara moja kwa mlango wa nyuma na halitoki tena kwa mkono wa mtu mwingine. Njoo ulichukue mwenyewe, upite mlango wa mbele. Huna haja ya kuvua viatu.

Mama yako,
Eugénie
mwenye nyumba